Mguu wa Punda wa Kashaija

"Nimekwambia, punda si wangu! Ni wa Kashaija," Gaudiosus alisema.

"Na kamba iliyomla mguu ni ya Kashaija pia?" mkewe, Deodatha, alimuuliza. Alikuwa ametoka kupalilia kahawa. Hata kugomba kulimchosha.

Punda alisimama juani, nyuma ya migomba. Nyasi alizoweza kuzifikia zilikwisha. Kamba ilikuwa imezama kidondani, na nzi wamejaa.

Kashaija, ndugu yake Gaudiosus, alikwenda Uganda kutafuta kazi. Alimwacha punda hapo Rugu awabebee kahawa mpaka sokoni Omurushaka.

"Ukitunza ng'ombe wa mtu unakunywa maziwa," Gaudiosus alisema. "Huyu hana maziwa. Mwenyewe akirudi atamtibu."

"Akirudi atakuta ngozi." Aliyesema hivyo ni Melkiory, bwana mifugo, aliyekuwa akipita kwenda Kihanga.

"Karibu, bwana," Gaudiosus alisema.

"Kwanza nioneshe maji yake."

Gaudiosus alitazama pembeni. "Punda ni mvumilivu, bwana."

"Hata wewe ni mvumilivu. Nikufunge hapo mpaka jioni?"

Deodatha alitaka kucheka, akakosa nguvu.

"Sikiliza," Melkiory alisema. "Sheria haiulizi tu nani alimnunua. Inauliza pia nani anamtunza leo. Ukimfunga, hawezi kujitafutia. Basi maji, malisho, kivuli na kidonda ni juu yako. Nyasi zikiisha, mhamishe. Usimfunge mguu tena. Mvishe mkanda mpana shingoni, usiobana. Akifia hapa, atakayeitwa barazani ni wewe."

"Na kahawa itapanda kichwani kwangu," Deodatha alisema polepole. "Maji kichwani, kuni kichwani, sasa na magunia. Baba Joviana, siwezi tena."

Baraza lilimtia Gaudiosus hofu, lakini maneno ya mkewe yalimwingia zaidi. Alichukua kisu, akapiga magoti, akaikata kamba taratibu. Punda alitetemeka, lakini hakupiga teke.

Melkiory aliosha kidonda kwa maji na chumvi. Maji ya nyumbani yakaishia hapo.

Gaudiosus alimwongoza punda hadi kivulini. Deodatha akanyoosha mkono kuchukua debe.

"Liache," mumewe alisema. "Kaa."

Akajitwika debe mwenyewe, akashuka mtoni. Wanawake waliokuwa wakichota maji walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakuwajibu.

Aliporudi, punda alitia mdomo ndani ya debe, akanywa bila kuinua kichwa.

"Amemaliza," Gaudiosus alisema. Akajitwika debe, akashuka tena.