Msandali wa Asubuhi na wa Alasiri

Kila Jumamosi, nikishafua sare, nilikwenda dukani kwa shangazi kufuta chupa za manukato. Wateja waliniita Pua, kwa sababu niliweza kutaja manukato ya mtu kabla hajavuka kizingiti. Jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Asubuhi moja aliingia fundi cherehani, jirani yetu. Alitaka manukato ya msandali anayoyapenda mama yake, lakini bei ilimshinda.

"Nitafutie ya bei nafuu yanayofanana nayo," alimwambia shangazi. "Leo jioni nasafiri kwenda kwake. Mama haoni tena, lakini kwa harufu humdanganyi."

"Kazi hiyo mwachie Pua," alisema shangazi.

Nilinusa vifuniko vya chupa nne za bei nafuu chapuchapu, nikachagua ya pili. "Ni yale yale," nilisema. "Huwezi kuyatofautisha." Fundi alinunua, akarudi kazini akitabasamu.

Shangazi hakunigombeza kwa haraka yangu. Alikata vitambaa vitano, akavipulizia yale manne na yale ya ghali, kila kimoja na namba yake, kisha akavitundika mbalimbali. "Utavinusa saa tisa," aliniambia.

Saa tisa nilipigwa na butwaa. Kitambaa namba mbili kilibaki na harufu ya peremende tu. Namba nne, niliyoidharau asubuhi kwa ukali wake, ilikuwa imetulia na kunukia mti, karibu sawa na yale ya ghali.

"Nikimwambia, atanicheka," nilisema.

"Usipomwambia, atakayesikitika ni mama yake."

Nilichukua chupa namba nne na vitambaa, nikatoka mbio. Nilimkuta fundi akifunga mlango, begi begani.

"Nilikosea, fundi. Nilikuwa na haraka. Yaliyo karibu zaidi ni haya, ingawa si yale yale. Ya ghali ni laini zaidi."

Alinusa vitambaa akiwa amefumba macho. Hakucheka. "Hapa ni kama mama amepita," alisema, tukabadilishana chupa.

Jumamosi iliyofuata alirudi. "Mama alijua papo hapo kuwa si yale yake," alisema. "Nikamweleza ukweli wote. Ameagiza chupa nyingine, na anataka ichaguliwe na yule yule aliyekiri kosa."

Shangazi alinikabidhi kitambaa cha kufutia chupa. "Pua umezaliwa nayo, mwanangu. Subira na ukweli ni vya kujifunza, na mteja hurudi kwa hivyo viwili."