Saa Isiyochelewa

Mke wa Bwana Dakika alinyamaza katikati ya maneno. Mwiko ulibaki hewani ukidondosha mchuzi, macho yameganda kama ya mtu kwenye picha. Kisha akamalizia, "...chumvi imekolea?" kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umepatwa na nini?" mumewe aliuliza.

"Nipatwe na nini? Onja bwana, mkono unachoka."

Mume huyo alikuwa mpaka rangi wa majumba, na mtaa mzima ulimwita Bwana Dakika kwa jinsi alivyowachosha watu na habari za kuchelewa. Siku za mapumziko alichezea vifaa vya umeme. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza kurekebisha saa ya tarakimu aliyoiunda kwa bei ya bure: vipuri vya redio mbovu, kisanduku cha sabuni, na kristali, kile kidude kinachohesabu sekunde, alichokichomoa kwenye mtambo wa jalalani. Kila siku saa ilichelewa kidogo, naye jambo hilo lilimkera hadi akakosa hamu ya kula. Basi akakaza skrubu ndogo ya kurekebishia mwendo, sikio likiwa kwenye milio ya redioni, mpaka vikaenda sawasawa. Alijipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejali.

Kuanzia hapo nyumba ilinuka nywele zinazoungua. Mke aliganda akifua, akaganda akifunga mlango, na kila mara aliganda zaidi. Bwana Dakika alitafuta waya ulioungua, akaukosa.

Kisha ikawa zamu ya mtoto. Alasiri moja, jua likiwaka dirishani, Bwana Dakika alikuwa amemlaza kichanga wao kifuani akihisi pumzi zake, mara pumzi zikakatika, na yeye akangoja, akamtikisa, akamwita, akampuliza usoni, huku ile harufu ikizidi kana kwamba kuna mtu ameinama begani kwake anatazama naye, hadi mtoto alipokohoa na kuvuta hewa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Mke akamwita shangazi yake, mpunga majini. Mama yule hakuvuka kizingiti kabla ya kunusa.

"Kuna mtu umemvunjia nyumba," alinong'ona.

"Mimi? Nimvunjie nani, Shangazi?"

Jibu lilitoka kinywani mwa mkewe, kwa sauti nzito isiyokuwa yake. "Nilikaa ndani ya kristali, nikala zile sekunde zilizochelewa. Makombo! Nilimkera nani? Akaja huyu na skrubu yake."

"Nitailegeza! Naenda kuilegeza sasa hivi!"

"Legeza, usilegeze, shauri yako. Nimeshaonja za mtoto. Za mtoto ni tamu."

Mikononi mwa shangazi, kichanga alikuwa ameganda tena, midomo inageuka rangi. Shangazi alisoma dua, akafukiza ubani, akasoma tena, jasho likimtiririka, na kile kitu kikamcheka kwa kinywa cha mpwa wake mpaka kuta zikatetemeka.

"Hatoki bure," Shangazi alisema kwa woga. "Ale kwa nani, baba? Sema upesi, mtoto anakwenda."

Bwana Dakika alimtazama bintiye. Hakusita.

"Ale kwangu."

Mtoto alilia. Kilio kikali, kizima, cha mwenye njaa, na mkewe akaanguka chini akiita jina la mtoto kwa sauti yake mwenyewe. Bwana Dakika alicheka kwa furaha, akanyosha kidole amguse mtoto shavuni.

Kidole kiligusa hewa. Ukuta ulikuwa na rangi ambayo hakuipaka yeye. Mkono ulionyoshwa ulikuwa umekonda, na ndevu zilimfika kifuani. Mbele yake msichana mrefu, mwenye macho ya mkewe, aliangusha kitabu.

"Mama! Mama, njoo! Amezinduka!"

Nje, mtu alianza kukimbia. Msichana alimshika baba yake mikono yote miwili, akaikaza.

"Sema nami, Baba, haraka," alimsihi. "Mara iliyopita uliganda tena kabla Mama hajafika mlangoni."