Fundi Aliyeogopa Kulala kwa Mkwe

Fundi cherehani alikuwa na jina zuri mtaani. Nguo iliyopita mkononi mwake haikulalamikiwa. Lakini mwaka huo mambo yaligeuka. Kila akiketi kwenye cherehani, kope zilikuwa nzito kabla hata jua halijapanda vizuri. Siku moja mteja alijaribu suruali yake nyuma ya pazia, akatoka akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Fundi, mguu wa pili niupitishe wapi?"

Fundi alikuwa amesinzia huku cherehani inakwenda, akaushona mguu wa suruali ukafungika. Mteja alicheka mpaka akatoa machozi. Fundi naye alicheka, lakini moyoni aliona haya.

Kulikuwa na haya kubwa zaidi. Fundi alikoroma. Dada yake alipomtembelea alihamia sebuleni, na asubuhi akasema, "Wewe hulali, unasaga mawe!" Tangu hapo fundi hakulala tena kwa watu. Harusini alikwenda na kurudi siku ile ile. Misibani vivyo hivyo.

Sasa binti yake wa pekee alikuwa mjamzito. Alipiga simu.

"Mama, nikijifungua utakuja kukaa nami?"

"Nitakuja, mwanangu. Nitakuwa nakuja mchana, jioni narudi."

"Mama, kwani mtoto analia mchana tu?"

Nyumba ya binti ilikuwa na vyumba viwili na ukuta mwembamba. Upande wa pili wa ukuta huo angelala mkwe wake. Mkwe amsikie akikoroma? Bora ardhi ipasuke immeze.

"Basi, Mama. Kama hutaki, sikulazimishi," binti alisema, akakata simu.

Neno "hutaki" lilimchoma. Fundi akaamua kujitibu. Alikata kitambaa laini, akatia lastiki, akashona mkanda wa kushika kidevu. Ulipita chini ya taya na kufungwa utosini. "Mdomo ukifungwa, sauti itatokea wapi?" alijiambia. Alilala nao wiki nzima. Kila asubuhi aliamka kichwa kinamgonga, na mistari miwili mashavuni.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa muuguzi. Alikuja kuchukua sare yake ya kazi, akaiona ile mistari.

"Jirani, uso una nini?"

"Nimelalia mto vibaya."

Muuguzi alivuta kiti, akaketi. "Jirani, tumepakana ukuta. Nakusikia."

Fundi aliinamisha uso. Masikio yalimwaka moto. "Nisamehe. Kumbe nakunyima usingizi."

"Sikuja kudai msamaha. Kukoroma kwako nimeshakuzoea. Lakini katikati unanyamaza kimya, hupumui. Nami huku nakodoa macho, nakusubiri. Halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Nimechelewa kukwambia, niliogopa utaona vibaya."

Fundi hakuwahi kujua hilo. Akautoa mkanda wake kwenye mtoto wa meza, akauonyesha kwa aibu. Muuguzi hakumcheka.

"Kichwa kinakuuma asubuhi? Unasinzia mchana?"

"Vyote. Na presha imepanda."

"Basi huo ni ugonjwa, na una tiba. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine ulimi hurudi nyuma, koo linaziba, pumzi inakatika. Ubongo unashtuka, mtu anapumua, analala tena. Hivyo hivyo usiku kucha. Mwili haupumziki na moyo unachoka."

"Na mkanda wangu?"

"Umefunga mdomo, lakini kilichoziba ni koo. Na siku ukiwa na mafua, utapumulia wapi? Uache. Twende hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Hospitalini, daktari alimpa vifaa vya kupima usingizi. Alilala navyo nyumbani, kimoja kidoleni, kingine kifuani. Majibu yalionyesha pumzi inakatika mara nyingi, ingawa hali haikuwa mbaya kabisa. Akapewa mashine inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa ya puani.

"Mashine hii ndiyo tunayoanza nayo kwa wengi," daktari alimweleza.

Fundi alijitahidi. Lakini barakoa ilimtia hofu, akahisi anazama. Kila mara aliivua kabla ya usingizi kumchukua. Aliona aibu mpya: hata kutibiwa kumemshinda! Akaisukuma mashine uvunguni, akaacha kwenda kliniki.

Muuguzi alimfuata. "Mbona mashine siisikii?"

"Imenishinda, jirani. Nitamwambiaje daktari? Wenzangu wote wanaiweza."

"Nani kakwambia? Wengi inawasumbua. Hebu nijibu: nguo ikimbana mteja wako, anaificha kabatini au anairudisha kwako?"

"Anairudisha, nimwongezee upana."

"Basi na wewe rudi."

Fundi alirudi. Daktari alimbadilishia barakoa, lakini hofu haikuisha. "Usijali," daktari akasema. "Kwa hali kama yako kuna njia nyingine. Wenye hali mbaya zaidi tungesisitiza mashine. Wewe nenda kwa daktari wa meno."

Daktari wa meno alikagua meno na fizi, kisha akachukua umbo la meno yake. Kutokana na umbo hilo, kikatengenezwa kifaa chenye vipande viwili, cha juu na cha chini. Kikivaliwa usiku, huvuta taya la chini mbele kidogo. Ulimi nao husogea, koo likabaki wazi.

"Usiazime cha mtu, wala usinunue chochote cha mtaani," daktari wa meno alimwonya. "Kila mdomo na kipimo chake."

Siku za kwanza mate yalimtoka kama mtoto anayeota meno, na taya liliuma. Alirudi, kikarekebishwa kidogo kidogo. Na kwa kuwa pumzi ilikatika zaidi alipolala chali, daktari alimruhusu kushona mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia na kutia mpira ndani. Akigeuka chali, mpira unamsumbua, anarudi ubavu. Hiyo kazi aliifanya kwa furaha.

Kisha daktari wa hospitali akataka apimwe tena, kifaa kikiwa mdomoni.

"Nipimwe tena? Jirani anasema sasa sikoromi," fundi aliuliza.

"Kelele zinaweza kuisha na ugonjwa ukabaki," daktari alijibu.

Majibu yakawa mazuri. Pumzi ilikatika mara chache tu. Maumivu ya kichwa yaliisha, na kope zikawa nyepesi.

Binti alipojifungua, fundi alikwenda na sanduku la nguo. Akamweleza binti kila kitu.

Binti alilia. "Mama, miezi yote hii nilidhani hunipendi."

"Aibu ilinifunga mdomo, mwanangu. Nisamehe."

Jumapili mchana fundi alijilaza na mjukuu ubavuni, kifaa mdomoni. Akashtuliwa na mkoromo mzito. Kumbe ni yeye? Akashika mdomo. Kifaa kilikuwepo. Mkoromo ukaendelea, ukakatika, kimya. Ukarudi kwa kishindo.

Alichungulia sebuleni. Mkwe wake alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa nyuma. Akafumbua macho, akamwona mama mkwe mlangoni. Alikurupuka, akajifuta mdomo, akatazama sakafu.

"Samahani sana, Mama. Nimekuamsha."

Fundi aliijua ile sura. Adabu ilimtaka ajifanye hakusikia, arudi chumbani. Akaketi. Akatoa kifaa mdomoni, akakishika kiganjani mkwe akione.

"Baba," alisema, "hata mimi nakoroma."