Mbegu Iliyo Juu ya Moto

Kabla ya kwenda shule, Rinten alichochea moto. Akirudi kutoka shule, alichochea tena. Baba yake, Darkum, ni mgema. Asubuhi na jioni hukwea minazi na kuteremka na tembo tamu ambalo lazima lichemshwe upesi kabla halijachacha. Kijijini kwetu, juu ya mji mdogo wa Cilongok, wengi tunaishi kwa sukari guru, na tembo halina subira na mtu.

Zamani mwiko wa kukorogea ulikuwa mkononi mwa mama yake, Sumirah. Sasa mama alilala sebuleni, mkono na mguu wa kulia vimepooza, maneno yakimtoka nusunusu. Kiharusi kilimwangusha palepale jikoni, naye hajafika hata miaka arobaini. Rinten, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliushika ule mwiko bila kuambiwa na mtu.

Jiko lao halikuwa na tundu la kutolea moshi. Bibi Karsem, mama yake Darkum, alikataa katakata. Juu ya moto alitundika mahindi ya mbegu, na mianzi ya paa ilikuwa nyeusi ti kwa masizi.

"Moshi ndio mlinzi wa nyumba," alizoea kusema. "Ufukuzeni muone! Fukusi watakula mbegu, wadudu watakula paa. Mtapanda nini? Mtalala wapi?"

Na kweli, fukusi huogopa moshi. Bibi hakuwa mjinga. Lakini Rinten alikohoa kila siku, na akajifunza kukohoa ndani ya kitambaa ili mama asisikie.

Siku moja muuguzi mgeni wa zahanati, Wiwit, alikuja shuleni kupima vifua. Wanafunzi walipanga foleni wakipuliza kwenye kifaa chenye mshale.

"Puliza, Rinten!" alidakia Tarwan, mtundu wa darasa. "Au pumzi umeiacha kwenye sufuria ya sukari?"

Watoto wakaangua kicheko. Rinten akapuliza, mshale ukapanda kidogo tu. Akarudia, yale yale.

"Kifaa chenyewe kibovu!" alisema kwa hasira.

Muuguzi Wiwit hakucheka. Alimfunga mkanda wa kupimia presha mkononi, akampima, akampima tena. "Kwenu nani anapika sukari?" aliuliza.

"Mama," Rinten alijibu, macho chini. Aliogopa. Akikatazwa kupika, dawa za mama zitatoka wapi?

"Vizuri. Nitakuja kuonana naye."

Jioni ile muuguzi alibisha hodi, akamkuta mama kitandani na Rinten jikoni ndani ya moshi mzito. Uongo ukaishia hapo. Wiwit alitoka nje akifuta machozi ya moshi, akaketi barazani na Bibi Karsem na Darkum.

"Bibi, pumzi za mjukuu wako ni haba. Na presha yake imepanda kuliko ya watoto wenzake."

"Kikohozi ni cha kifua, presha ni ya damu," Bibi alisema. "Hivyo viwili vinakutania wapi, mwanangu?"

"Vinakutana humo humo kifuani. Mapafu ndiyo yanayoipa damu hewa. Moshi ukiyachosha mapafu, hauishii hapo. Huingia kwenye damu, na mishipa nayo huanza kukakamaa polepole, hata kwa mtoto. Hasikii maumivu. Atakuja kuyajua ukubwani."

Rinten alikuwa amesimama mlangoni. "Ndiyo yaliyompata mama?"

"Siwezi kuapa. Kiharusi kina sababu nyingi. Ila moshi ule haukumsaidia."

"Mbona mimi nimepika tangu usichana na bado nimesimama?" Bibi alifoka.

"Mshukuru Mungu, Bibi. Lakini bahati yako huwezi kumrithisha Rinten."

Ghafla ukuta wa sebule ukagongwa. Walikimbilia ndani. Mama alikuwa akiugonga kwa mkono wake mzima, uso umelowa machozi.

"Nasikia," alisema kwa shida. "Kila siku... anakohoa. Nasikia." Kisha akamgeukia mama mkwe wake, akamwonyesha Rinten kwa kidole. "Mama. Mbegu... ni huyu."

Loo! Bibi Karsem akaenda jikoni, akapanda kigoda, akayashusha mahindi mwenyewe. Aliyapukuchua, akayachanganya na majivu na kuyafunika mtungini. Kumbe fukusi huogopa majivu pia.

Kesho yake Darkum alitoa vigae kadhaa vya paa na kujenga bomba la udongo la kutolea moshi. Mwiko akaushika yeye na Bibi kwa zamu, mlango wazi. Muuguzi alimwita Rinten zahanati mara kwa mara. Mwishoni mwa mvua mshale ulipanda zaidi na presha ilishuka, ingawa pumzi zake hazikuwafikia wenzake.

"Mishipa ya mtoto bado ina nafasi ya kupona," Wiwit alimwambia. "Ila usinifiche tena. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Mama hakuinuka tena. Msimu wa kupanda ulipofika, walimbeba kwenye kiti hadi barazani, akamtazama Bibi akipanda mahindi shambani. Jirani mmoja alipita, akashangaa kuona bomba juu ya paa.

"Karsem, moshi wote unaupoteza bure?"

"Toboa na lako," Bibi alimjibu bila kuinua kichwa. "Mimi nililinda mahindi, nikawaacha wanangu waungue."