Vidole vya Saa Nane

Miche ilikuwa inakufa mchana kweupe, saa nane, watu wote wakiwa macho.

Hilo ndilo lililomtisha Fundi. Kitu kinachoua usiku unaweza kukitega. Panya unamwekea chambo. Konokono unamwokota alfajiri. Lakini asubuhi mkewe alikuwa akimwagilia miche ya hoho ikiwa kijani, imesimama wima, na jioni anaikuta imeungua. Tena haikuungua ovyo. Tuta zima lilikuwa limepitiwa na michirizi. Katika kila mchirizi majani yamekuwa meupe, makavu kama karatasi. Kati ya mchirizi na mchirizi majani ni mazima. Ilikuwa kana kwamba mtu amepitisha vidole vya moto juu ya tuta.

Mkewe alichuchumaa, akatanua kiganja juu ya michirizi ile kupima.

"Haulingani na wangu," alisema. "Ni mkono mkubwa kuliko hata wako."

"Acha maneno, bibie."

"Basi weka na wewe upime."

Fundi hakuweka.

Alikuwa fundi bati. Alipanda mapaa ya watu miaka ishirini na sita, kisha siku moja akateleza, nyonga ikavunjika. Tangu hapo anatembea kwa gongo na ngazi anaitazama tu. Bustani ya mkewe ndiyo iliyobaki kuwalisha. Mke alikuza miche kwenye trei, mingine akauza, mingine akapanda na kuuza mboga. Bustani ikifa, nyumba ile haikuwa na mlango mwingine wa riziki.

Naye hakukaa bure. Kuku wa mtaa walipozidi kuchakura matuta, alijenga ukuta wa bati upande wa mashariki wa bustani. Alitumia mabati mapya ya migongo, yanayong'aa kama sinia. Alipigilia misumari akiwa amekaa kwenye stuli. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu aanguke, na kila mgeni alipelekwa kuiona.

"Wenzako wanaonyesha picha za harusi," mkewe alimtania. "Wewe unaonyesha ukuta."

Trei ya kwanza ilikuwa na miche themanini na minne. Ilihamishiwa kwenye tuta Jumatatu. Jumapili iliyofuata hakukuwa na mche hata mmoja.

"Mimi nimeshamwona," alisema mama yake Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. "Nilikuwa nawasubiri muone wenyewe. Saa nane njooni hapa mlangoni."

Saa nane walisimama mlangoni. Joto lilikuwa limenyamazisha kila kitu. Hata kuku walikuwa wamejibanza midomo wazi. Bi Mkubwa akanyoosha kidevu upande wa magharibi, penye ua mfupi wa miti ya miiba. Nyuma ya ua alisimama jirani yao, fundi cherehani, mwanamke mwembamba ambaye watu walimwita Sindano. Aliishi peke yake na hakuwa msemaji. Hakutikisika. Macho yake yalikuwa kwenye tuta, na midomo yake ilikuwa ikichezacheza bila sauti.

"Anasema nini?" Fundi alinong'ona.

"Unataka nikamuulize, na mimi niungue?"

"Mama, labda anasali," alisema mke.

"Sala gani hiyo, mkwe wangu, ya kukodolea macho hoho za watu?"

Sindano alimaliza alichokuwa akisema. Akawatazama wote watatu, akafungua mdomo kama anayetaka kuita. Kisha akaufunga, akageuka, akaingia ndani. Baada ya muda cherehani yake ikaanza kulia.

Fundi hakupenda kusadiki mambo hayo. Lakini mwili wake ulikuwa umesisimka, na mwili haubishani. Basi akafanya analolijua. Miche ya trei ya pili, themanini, aliifunika kwa bati. Aliliweka bati juu ya matofali, akaziba pande tatu kwa magunia. Upande wa magharibi aliacha upenyo mdogo wa kupitisha maji.

"Hapo hata shetani atagonga kwanza," alisema.

Siku ya nane walifunua.

Miche ilikuwa hai, lakini afadhali ingekufa. Ilikuwa imepauka, rangi ya minyoo. Vishina vilikuwa virefu, vyembamba kama uzi. Na yote themanini ilikuwa imelala upande mmoja, vichwa vimenyooka kuelekea kwenye ule upenyo. Ng'ambo ya upenyo ulikuwa ua wa miiba. Ng'ambo ya ua lilikuwa dirisha la Sindano.

Bi Mkubwa alirudi nyuma hatua mbili.

"Inamsujudia," alisema.

Fundi alilirudisha bati chini taratibu, kama anayefunika maiti. Alipaswa kumwambia mama yake anyamaze. Hakumwambia. Kimya cha mwenye nyumba ni ruhusa, na Bi Mkubwa akachukua ndoo akaenda bombani.

Pale bombani maneno hayakai. Kabla ya wiki kwisha wateja walianza kumwondokea Sindano mmoja mmoja. Mmoja alichukua gauni lake likiwa na mkono mmoja.

"Halijaisha," Sindano alimwambia.

"Nitalivaa hivyohivyo," alijibu, akaondoka mbio.

Cherehani ikanyamaza. Fundi aliusikia ukimya ule kutoka kitandani kwake, mchana na asubuhi. Ulikuwa mzito kuliko kelele.

"Mume wangu," alisema mkewe jioni moja, "nimebakiwa na trei moja. Miche sitini. Mbegu zimekwisha na msimu umeshaanza. Hii ikifa tutakula mabati yako."

Walihamisha miche sitini kwenye tuta. Siku ya kwanza sita iliungua, kwa michirizi ileile. Siku ya pili Fundi alichukua stuli yake, akaenda kukaa katikati ya tuta, mgongo kwenye ukuta wake, uso magharibi kwenye ua wa Sindano.

"Leo tutaonana," alisema.

Saa saba ikapita. Saa nane ikakaribia. Jua lilikuwa limeshainama mbele yake, linamchoma paji la uso. Sindano akatokea nyuma ya ua, akasimama. Midomo ikaanza kucheza.

Hapo Fundi akahisi kitu shingoni.

Kilikuwa cha moto. Kilikuwa kama mtu aliyesimama nyuma yake, karibu sana, anampumulia. Alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Akatazama chini. Jua lilikuwa mbele yake, kwa hiyo kivuli chake kilipaswa kuwa nyuma. Kilikuwako nyuma, cheusi. Lakini mbele ya miguu yake, upande wa jua, kulikuwa na kivuli kingine. Kilikuwa chepesi, kimekatikakatika kwa mistari, na kilikuwa na gongo kama yeye.

Alinyanyua mkono. Vivuli vyote viwili vikanyanyua mkono.

"Mama yangu," alisema Fundi.

"Fundi," aliita Sindano kutoka kwenye ua. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, imekauka kidogo. "Geuka."

"Sigeuki!"

"Geuka, mwanamume mzima wewe. Hakuna mtu."

Fundi aligeuka. Macho yakapigwa na mwanga mpaka machozi yakamtoka. Mabati yake mapya, yale aliyojivunia, yalikuwa yanawaka jua la pili. Kila bonde kati ya migongo ya bati lilikusanya mwanga na kuutupa kwenye tuta kama mstari wa moto. Vile ndivyo vidole.

Mkewe alikuja mbio. Bi Mkubwa alibaki mlangoni.

"Miche ina jua la mbele na jua la nyuma," alisema Sindano. "Kwenye jua moja ingevumilia. Kwenye mawili, mche uliotoka kwenye trei juzi unaungua kama mtoto mchanga."

"Na ile iliyopauka?" aliuliza mke. "Iliyoinama kwako?"

"Iliinama kwangu? Iliinama kwenye mwanga! Mmeifungia gizani, mkaacha tundu moja. Hata wewe ungeinamia tundu. Mmea unakula mwanga, shoga yangu. Ukiunyima wote unarefuka kuutafuta mpaka unakwisha nguvu."

Fundi alijifuta macho. "Wewe unajua haya kutoka wapi?"

"Kabla ya cherehani nilifanya kazi kitalu cha maua. Miaka tisa."

"Na hapo unaposimama kila siku unanong'ona nini?"

"Nahesabu. Kitaluni ndivyo tulivyofundishwa. Miche ikifa, usilie. Simama saa ileile kila siku uhesabu iliyokufa, uone kifo kinatoka wapi na kinaelekea wapi. Cha kwenu kilikuwa kinatoka ukutani. Mstari wa karibu na bati ndio uliokwisha kwanza."

"Mbona hukusema?" Fundi alipandisha sauti, maana aibu ikizidi hutafuta wa kumlaumu.

Sindano alimtazama Bi Mkubwa kule mlangoni.

"Nilisema. Siku ya tatu. Niliambiwa macho yangu niyatunze kwangu."

Bi Mkubwa aliingia ndani.

"Dada," Fundi alianza, "sijui hata niombe msamaha kwa..."

"Kwanza miche. Una hamsini na minne, na jua halisubiri maneno yako. Leteni shuka kuukuu, kavu, mlivike bati hilo sasa hivi. Kesho nenda duka la pembejeo, ununue neti ya kivuli."

"Si nina bati tele?"

"Ndiyo maana umefika hapa."

Mkewe alicheka, cheko la kwanza wiki nzima.

Kesho yake Sindano alivuka ua, akawaonyesha. Neti ilikuwa nyeusi, imefumwa kwa matundu madogo. "Zinauzwa kwa kiasi cha jua zinachozuia," alisema. "Hii ni ya asilimia hamsini. Maana yake, nusu ya jua inabaki juu na nusu inashuka. Inafaa miche. Mkinunua ya themanini mtarudia yale ya gizani. Hoho zikianza kuzaa, ya thelathini inatosha."

Fundi alitaka kuitandaza juu ya miche moja kwa moja.

"Subiri! Ikigusa majani inayachoma, inapata joto kama shati jeusi. Inyanyue. Ipite kichwa chako ukisimama."

"Na plastiki je? Ninayo pale ndani."

"Plastiki inafungia joto. Utapika hoho kabla hazijazaa. Neti inapumua. Kwa hiyo usizibe ubavuni, acha upepo upite. Upande wa magharibi tu ndio uteremshe kipande kama pazia, maana jua la alasiri linaingia kwa ubavu."

Fundi alichimbia nguzo sita. Alivuta waya kutoka nguzo hadi nguzo mpaka ukalia kama uzi wa gitaa. Neti ikilegea, Sindano alisema, upepo utaipigapiga mpaka ichanike. Sindano mwenyewe alikunja kingo mara mbili na kuzishona kwa uzi mnene, kila hatua akiacha kitanzi cha kufungia. Ukuta waliupaka tope lililochanganywa na majivu. Fundi aliupaka kwa mkono wake, bati baada ya bati. Mng'ao ukafa.

"Maji ni asubuhi mapema," Sindano alimwambia mke. "Shinani weka nyasi kavu, ardhi isikauke. Na msiizoeze miche kivuli milele. Wiki ya tatu, mfunue asubuhi mpaka saa nne. Wiki ya nne mpaka saa tano. Siku za mawingu kunjeni kabisa. Kivuli ni dawa, na dawa ina kipimo."

Saa nane Fundi alikwenda kukaa chini ya neti. Mwanga ulikuwa mlaini, wa kijivu, kama wa chumba chenye mapazia. Aliangalia miguuni. Hakukuwa na kivuli cha mtu yeyote, hata chake hakikuonekana vizuri. Alikaa kidogo tu. Ilimchukua siku nyingi kuzoea.

Jioni hiyo alimwendea mama yake.

"Mama, kesho utakwenda bombani."

"Ndoo zimejaa."

"Utakwenda bila ndoo. Ulikolisemea ndiko utakakolifuta. Na mimi nitapita nyumba kwa nyumba."

"Mimi, mzee mzima, nikajidhalilishe?"

"Twende wote basi. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Bi Mkubwa alikwenda. Alisema kwa sauti ndogo kuliko ile ya mwanzo, na waliosikia walikuwa wachache kuliko wale wa mwanzo. Ndivyo yalivyo maneno ya kufuta.

Miche hamsini na minne yote ilishika. Haikuungua tena hata jani moja. Sasa mke wa Fundi anachuma hoho ndoo mbili kila wiki, nene, zisizo na doa, na majirani wawili wamekwisha kuja kupima neti yake kwa hatua.

Gharama yake ni hii. Miche mia moja na sabini ilikufa, ukihesabu na ile themanini iliyopauka. Pakiti mbili za mbegu ziliishia hapo, na wiki saba za msimu. Sindano alikuwa na wateja kumi na mmoja. Fundi amepita kwa kila mmoja, kwa gongo lake, na kwa wengine mara mbili. Wanne wamerudi. Saba hawajarudi.