Kodi Haidaiwi kwa Ufagio

Mama Fundi alishona nguo barazani kwake, na mume wake alikaa kando yake kwenye kiti. Zamani mume huyu alikuwa seremala. Milango mingi ya mtaa ule aliitengeneza yeye. Kisha akapata kiharusi. Ulimi ukawa mzito, na mkono wa kulia ukalegea. Siku hizi aliulaza mapajani kama mtoto wa jirani aliyeachiwa amlee.

Mtaalamu wa mazoezi kwenye kituo cha afya aliwaambia wazi.

"Mkono huu unaweza kurudi. Lakini mje kila wiki, na mwanze sasa. Mkichelewa, vidole vitakakamaa."

Mazoezi yalitaka pesa, na kwenda kule kulitaka nauli. Cherehani ililisha nyumba tu. Pesa ya mazoezi ilitoka kwenye kodi ya chumba cha uani. Seremala alikijenga chumba hicho kwa mikono yake alipokuwa mzima.

Mpangaji wao alikuwa fundi redio. Mtaa mzima ulimwita Kesho, kwa sababu kila redio iliyopelekwa kwake ilikuwa tayari kesho. Alikuwa mcheshi, mwingi wa salamu. Mwanzoni alilipa kodi vizuri, kwa simu. Halafu akaruka mwezi. Akaruka na wa pili.

Mama Fundi alikuwa na haya. Kumdai mtu mzima usoni aliona ni kumvunjia heshima. Basi akamdai kwa ufagio. Kila asubuhi alifagia mbele ya mlango wa Kesho kwa nguvu, huku akikohoa.

"Jamani, maisha yamekuwa magumu," alisema peke yake. "Kila kitu pesa!"

"Pole sana, mama," Kesho alijibu kutoka ndani.

Mama Fundi akaamini kwamba ameshadai. Miezi mitano ikapita hivyo, na ua ukawa safi kweli kweli.

Asubuhi moja alikuta mlango wa chumba uko wazi. Kitanda hakipo, jiko halipo, nguo hazipo. Vilibaki meza ya kazi na spika moja kubwa. Mama Fundi aliketi sakafuni, ufagio mkononi.

"Ameondoka?" Seremala aliuliza kutoka barazani.

"Ameondoka, baba."

"Na mazoezi?"

"Wiki hii hatuendi. Ile akiba tuliyokuwa tukilipia imekwisha."

Hawakwenda wiki ile, wala iliyofuata. Mama Fundi alimnyoosha mumewe vidole kwa mafuta, lakini hakujua anyooshe vipi. Alijilaumu. Alikosa usingizi. Alipoutazama ule mkono, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Shemeji yake, mdogo wa Seremala, alikuwa muuza mkaa. Alifika na mkokoteni.

"Shemeji, utalia baadaye," alisema. "Hii spika nina mteja wake. Tunauza, tunajilipa, yameisha."

Walikuwa wameshaitoa uani alipopita jirani wa nyumba ya mbele. Alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria, na watu walimwita Dada wa Sheria.

"Mnahama?" aliuliza.

"Tunajilipa deni," Shemeji alijibu.

"Spika ni ya nani?"

"Ya Kesho, ya nani tena?"

"Una hakika, kaka? Yule ni fundi. Vitu vya fundi ni vya watu."

Waliigeuza spika. Nyuma yake kulikuwa na jina la kwaya, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Shemeji aliishusha polepole, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Hasira hasara," Dada wa Sheria alisema. "Mngeiuza, leo mngekuwa wadai na wiki ijayo mngekuwa washtakiwa. Na hata ingekuwa mali ya Kesho, usiuze vitu vya mpangaji kwa uamuzi wako mwenyewe. Vitunze, kisha udai kwa njia ya haki. Mama, ulimdai lini?"

"Kila siku!"

"Ulimwambiaje?"

Mama Fundi aliutazama ufagio.

"Nilifagia," alisema kwa sauti ndogo.

Shemeji aliangua kicheko. Dada wa Sheria hakucheka.

"Mama yangu, mficha uchi hazai. Anayekudai kodi akinyamaza, wewe ungelipa? Haya, mlikuwa na mkataba?"

"Wa mdomo tu."

"Wa maandishi ungekuwa bora, lakini haki yako haijafa. Je, zile kodi alizolipa kwa simu, ujumbe wake unao?"

"Ninao."

"Usiufute. Unaonyesha kodi ilikuwa kiasi gani na aliacha kulipa lini. Sasa tutaandika barua. Tutasema ni chumba gani, miezi ipi, deni kiasi gani, na alipe kufikia tarehe gani. Wewe utabaki na nakala. Utampa mkononi mbele ya shahidi, atie sahihi kwamba amepokea. Usimtukane, usimtishe. Akikataa, tutakwenda kwenye baraza la usuluhishi. Ikishindikana huko, mahakamani. Kila mahali pana utaratibu wake, kwa hiyo tutauliza kwanza ofisini."

"Itachukua muda?"

"Itachukua, mama."

Mama Fundi aliutazama mkono wa mumewe.

"Muda ndio sina," alisema.

Kiongozi wa kwaya alikuja kuulizia spika yake, kwani Kesho alimwambia imebaki chumbani. Alipoikuta salama alifurahi, na ndiye aliyewaeleza Kesho alikohamia. Alikuwa na kibanda kipya nyuma ya soko. Mama Fundi alikwenda na Dada wa Sheria.

Kesho alipowaona, bisibisi ilimponyoka.

"Mama, mbona hukuwahi kunidai?"

"Nilifagia mlangoni kwako miezi mitano!"

"Nilidhani unapenda usafi." Kisha akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Nilielewa. Sikuwa na kitu, nikaona aibu, nikakimbia."

Mama Fundi alitaka kumkasirikia, akashindwa. Aibu ile aliijua. Ndiyo iliyomfunga mdomo yeye pia.

Kesho alipokea barua, akatia sahihi. Tarehe ilipofika hakulipa. Mama Fundi akalia upya, akasema barua ni karatasi tu. Dada wa Sheria akampeleka kwenye baraza la usuluhishi. Kesho aliitwa, akaja. Walisoma barua na ujumbe wa simu, wakakubaliana alipe kidogo kidogo kila mwezi. Mwezi mmoja aliruka tena. Mama Fundi hakushika ufagio. Alirudi kwenye baraza lile, Kesho akaitwa tena, akalipa. Mwishowe deni lote likaisha.

Lakini malipo ya kwanza yalipopatikana, na Seremala akarudi kwenye mazoezi, mtaalamu aliushika ule mkono kwa muda mrefu.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunadai," Mama Fundi alijibu.

Walifanya mazoezi miezi mingi. Kidole gumba kilirudi. Vile vinne vilibaki vimekunjwa. Mtaalamu alisema havitanyooka tena. Mama Fundi alitoka nje akalia akiwa ameegemea ukuta. Kodi ilikuwa imerudi yote, lakini mumewe hangeshika randa tena.

Chumba cha uani kilipata mpangaji mwingine, mwanamke muuza mboga. Safari hii Dada wa Sheria aliandika mkataba, na Mama Fundi akausoma kwa sauti: kodi, tarehe ya kulipa, amana, na taarifa kabla ya kuhama.

"Ukichelewa, mwanangu, nitakuja kugonga mlango," alimwambia. "Nitakudai kwa mdomo. Usinione mbaya."

"Afadhali hivyo, mama. Na mimi nikikwama nitakuja kusema."

Mpangaji alitia sahihi. Seremala akasema, "Nipe wino."

Mama Fundi alimshika mkono wa kushoto.

"Huu wa kulia," mumewe alisema.

Mama Fundi akamshika kifundo cha mkono, akakiweka kidole gumba kwenye wino, akaanza kukipeleka kwenye karatasi.

"Niachie."

Akamwachia. Mkono ulitetemeka juu ya meza. Kidole kilishuka chenyewe, kikabonyeza chini ya jina lake, kikaacha alama nzito.

Mama Fundi alichukua kipande cha kitambaa kutoka kwenye cherehani. Akamfuta wino kwenye kidole gumba, kisha akaendelea na vile vinne vilivyokunjwa, kimoja kimoja, ingawa havikuwa na wino.