Kasuku Aliyefunikwa Shuka

Kliniki ya wanyama ilikuwa imefurika asubuhi ile. Mbwa wanabweka, paka wanalia ndani ya vikapu, watu wamebanana kwenye mabenchi. Mshonaji aliingia na tundu la ndege mkononi, amevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, akakosa pa kukaa. Kijana mmoja mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche, fundi wa kuchomelea mageti, akamvuta mbwa wake na kumpisha.

"Huyo kuku ameshanyonyolewa, kilichobaki ni sufuria tu," alisema akichungulia tunduni.

"Ni kasuku," mshonaji alijibu bila kucheka. "Wa marehemu dada yangu. Tangu dada afariki, anajinyonyoa mwenyewe."

Fundi aliona haya, akaomba radhi. Mshonaji alipotoka kwa daktari, alimkuta bado anamsubiri.

"Wamesemaje?"

"Hana ugonjwa. Ana upweke. Anataka wa kuongea naye, wa kumtoa tunduni, wa kucheza naye. Eti ndege hawa wakitengwa huumia kama sisi."

"Basi tumtafutie marafiki. Nianze mimi. Nipe namba yako ya simu."

Hapo ndipo mshonaji alipocheka.

Penzi likashika kasi. Fundi alimtengenezea kasuku tundu kubwa lenye bembea, na kila jioni alipiga simu.

"Mama watoto, mmekula?"

"Watoto gani, wewe?"

"Si huyo mwenye mdomo uliopinda?"

Mshonaji alishona huku kasuku yuko begani, akimsimulia vituko vya wateja. Manyoya laini yakaanza kuota kifuani mwa ndege. Fundi akaomba ndoa, akakubaliwa.

Kisha mama yake mshonaji, aliyekuwa akiishi mbali, akaanguka na kuvunjika nyonga. Ilibidi mshonaji aende kumuuguza, na kasuku asingeiweza safari ile.

"Kaa naye, mpenzi. Ongea naye. Chakula peke yake hakitoshi."

"Niachie mimi. Wewe mwangalie mama."

Kila akipiga simu aliuliza, "Umeongea naye leo?"

"Sana. Hata sasa tuko wote."

Haikuwa kweli. Fundi alikuwa amepata kazi ya mageti ya shule mpya, na kasuku yuko stoo nyumbani kwake, bakuli limejaa mbegu. Ndege alipiga kelele mpaka majirani wakalalamika. Fundi akafunika tundu kwa shuka nzito. Baadaye ndege akanyamaza, naye akaona ametulia.

Mshonaji alirudi bila kumwarifu, akitaka kumfurahisha. Alifika kwa fundi, asimwone ndege sebuleni, akafungua stoo, akavuta shuka. Kasuku alikuwa ameegemea vyuma, kifua amekitafuna hadi kwenye nyama. Alipoitwa hakugeuka.

"Nilimpa chakula," fundi alisema. "Maji nilimbadilishia kila asubuhi."

"Na ukaniambia mko wote."

"Sikutaka uwe na wasiwasi huku unauguza."

"Na siku nikiumwa mimi, nikilia usiweze kulala, nami utanifunika?"

Fundi alibeba tundu, wakakimbilia kliniki.

Kidonda kilikuwa kimeshaoza. Daktari alijitahidi, lakini kasuku alifia mapajani mwa mshonaji, mchana wa jua kali, huku akisimuliwa habari za dada.

Tangu hapo simu za fundi hazikupokelewa. Alikonda, shati likamning'inia. Hatimaye akaenda mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na mama, ambaye sasa aliishi na binti yake, akiegemea mkongojo.

"Pita, baba. Ila maneno matamu yaache nje, humu hayana mnunuzi."

Mshonaji alisimamisha cherehani.

"Kelele zake zilinichosha," fundi alisema. "Nilimwona ni ndege tu. Nikakudanganya kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kwenda kukaa naye. Sina la kujitetea."

Machozi yalimtoka mshonaji, akayafuta kwa kitambaa alichokuwa anashona. "Nimekusamehe. Na bado nakupenda, nisikufiche."

"Basi turudiane."

"Nikisafiri tena, nikakupigia, ukaniambia mambo ni salama, nitakuaminije?"

Fundi alitaka kuahidi.

"Sijui," alisema.

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana siwezi."

Alimsindikiza hadi barabarani. Walisimama katikati ya wapita njia, mshonaji ameushika ule mkono wa makovu kwa muda mrefu, kisha akauachia. Aliporudi ndani, mama aligeukia ukutani, ili binti yake alie bila kutazamwa.